UZI: Jicho la marehemu linabeba nini? Kuhusu kulipiga picha jicho baada ya kifo

Mvumi_Makulu (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Juzi msibani huku Chamwino ubishi uliwaka kuliko kuni. Marehemu alikutwa amefariki shambani, hana jeraha, na haijulikani alilala pale tangu lini. Mzee mmoja akasema serikali ingekuwa na nia ingelipiga picha jicho lake, maana sura ya mtu wa mwisho aliyemwona hubaki humo. Nusu ya waliozunguka moto wakaitikia. Kijana mmoja akadakia kwamba hizo ni hadithi, jicho likifa limekufa, halina la kusema. Msibani nilinyamaza kwa heshima. Hapa jukwaani nasema wote wawili hawako sahihi, na kijana yuko mbali na ukweli kuliko mzee.

Kazi yangu ni kuhudumia mashine za kupimia macho. Zinapima watu walio hai, lakini miongozo na makala za watengenezaji na watafiti zimenifikisha mpaka mochwari, kwenye maswali ambayo siku hizi yanajibiwa kwa picha.

Nianze na mzee. Imani yake ina historia, tena ya maabara. Mwaka 1876 Mjerumani Franz Boll aliona kwamba retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ya chura aliyekaa gizani ina wekundu unaopauka ukipigwa na mwanga. Mwenzake Wilhelm Kühne, kule Heidelberg, akaifuata rangi hiyo, ambayo leo tunaiita rodopsini. Alimfunika sungura macho akae gizani, kisha akamwelekeza kwenye dirisha lenye nondo kwa dakika chache, akamchinja palepale na kuitia retina shabu ili picha isipotee. Dirisha likaonekana, na nondo zake. Mwaka 1880 akapata jicho la mtu aliyenyongwa... samahani, aliyekatwa kichwa, katika mji wa Bruchsal. Akaona alama fulani, lakini hakuweza kuifananisha na kitu chochote ambacho yule mtu angeweza kuwa amekiona.

Polisi wa Ulaya hawakukata tamaa haraka. Hata mwaka 1975 Evangelos Alexandridis wa Heidelberg alirudia majaribio hayo kwa sungura, kwa ombi la polisi. Akapata picha nzuri tu za maumbo meusi na meupe, na akahitimisha kwamba kwa upelelezi hazifai kitu. Sababu ziko wazi ukifikiri: inatakiwa jicho litoke gizani, likazie macho kitu kimoja chenye mwanga mkali bila kupepesa, na mtu afe hapohapo na retina itiwe dawa hapohapo. Nani anauawa hivyo?

Kwa hiyo sura ya muuaji haimo. Kilichomo ni muda. Jicho huanza kubadilika dakika chache baada ya moyo kusimama na huendelea kwa siku kadhaa, na mabadiliko hayo yanaweza kupigwa picha, kupimwa na kulinganishwa. Hapo ndipo kijana wa msibani alipopotea.

Karibuni.

Kinyozi_Majengo

Nimeweka kambi hapa. Ila mkuu, uzi wa maiti saa nne usiku? Nitalalaje?

Mwl_Bahi

Nilifundishwa hiyo ya picha ya muuaji na mwalimu wangu wa msingi, tena kwa kiapo. Tiririka mkuu.

Chimwaga_MD

Niko chuoni hapa UDOM, tiba. Kabla hujaenda mbali, kamera ya kwanza kutumika kwa jambo hili ilikuwa ya kuangalia mishipa ya damu ndani ya jicho, sivyo? Nimesikia habari za Kevorkian.

Mvumi_Makulu

Chimwaga_MD umenena. Jack Kevorkian, Mmarekani aliyekuja kujulikana dunia nzima kwa kuwasaidia wagonjwa kujiua, alianza kama daktari wa patholojia anayekesha wodini na kamera, akipiga picha nyuma ya macho ya watu wanaokata roho. Alitaka kujua dakika yenyewe ya kifo, na makala yake ilitoka mwaka 1956. Damu ikisimama, ile safu iliyokuwa ikipita kwenye mishipa ya retina hukatikakatika, vipande vya damu na nafasi kati yake. Wazungu huviita mabehewa, na kweli, ukisimama stesheni ya Dodoma treni ya mizigo ikipita polepole, ndiyo sura yenyewe. Retina nayo hupauka.

Alama hiyo ni ya mapema sana, ya dakika. Ina kasoro mbili. Mtu aliye hai ambaye mshipa mkuu wa retina umeziba anaweza kuionyesha pia. Na baada ya muda kioo cha jicho kinakuwa na ukungu, kamera ya mwanga haioni tena nyuma.

Zamu_ya_Usiku

Mimi nahudumu mochwari (sisemi wapi). Huo ukungu ndio tunaouona kila siku. Kuna marehemu analetwa asubuhi jicho bado linang'aa, mwingine kafa muda uleule jicho kama limefunikwa na karatasi. Wauguzi wanasema huyu kafa zamani. Mimi sikubali.

Mvumi_Makulu

Dada, kutokubali kwako kuna msingi. Ngoja nieleze konea, yaani hicho kioo cha mbele, kwa sababu ndiyo inayodanganya watu wengi.

Konea haina mishipa ya damu. Inabaki angavu kwa sababu tabaka lake la ndani, lenye unene wa seli moja tu, linasukuma maji yatoke ndani ya kioo saa zote. Kazi hiyo inataka nguvu na oksijeni. Mtu akifa, usukumaji unazimika, maji yanaingia, konea inavimba na kufifia. Hiyo ndiyo njia ya jicho lililofumbwa. Jicho lililobaki wazi linakwenda njia nyingine: uso wake unakauka kwanza, utando unatanda juu yake, na konea inaweza hata kuwa nyembamba kabla ya mengine kufuata. Vitabu vya tiba ya sheria husema ukungu huonekana ndani ya saa mbili tatu jicho likiwa wazi, ila likiwa limefumbwa unaweza kuchelewa mpaka karibu saa 24. Watu wawili waliokufa saa ileile watakuwa na macho tofauti kwa sababu tu mmoja alifumbwa na bibi yake na mwingine hakuwa na mtu karibu.

Sasa fikiria hapa kwetu. Mwezi wa nane, upepo wa Dodoma, vumbi, mvua ya mwisho ilikuwa Aprili. Jicho lililobaki wazi porini Bahi halitafuata jedwali lililotungwa kwenye nchi ya baridi na unyevu.

Na kwenye weupe wa jicho lililobaki nusu wazi hujitokeza ukanda wa kahawia, baadaye mweusi, pale kope zilipoacha nafasi. Ni kukauka tu. Lakini nimeona watu wanauchukulia kama alama ya kupigwa, na ndugu wanaanza kunyoosheana vidole kabla hata ya mazishi.

Zamu_ya_Usiku

Huo ukanda! Tumeshawahi kuitiwa polisi kwa ajili yake.

Mzee_wa_Zuzu

Nyie vijana, desturi ya kumfumba marehemu macho haikuanza hospitali. Waislamu wanafanya, Wakristo wanafanya, na wazee wetu walifanya kabla ya wote hao. Sasa mnataka kuyafumbua tena ili mpige picha? Na huo upasuaji ndio sitaki kusikia kabisa.

Mvumi_Makulu

Shikamoo mzee. Hoja yako ndiyo moja ya sababu kubwa za watafiti kutaka picha badala ya kisu. Kope inafunguliwa kidogo, picha inapigwa, inafungwa. Hakuna kinachokatwa, mwili unarudi kwa wenyewe kama ulivyotoka. Kwa familia zinazotaka kuzika siku ileile, tofauti hiyo si ndogo. Ila nisikudanganye: kifo kikiwa na utata na polisi wakaagiza uchunguzi kamili, picha ya jicho haichukui nafasi ya uchunguzi huo.

Mzee_wa_Zuzu

Marahaba. Endelea, nasoma.

Chimwaga_MD

Twende kwenye OCT mkuu, ndiyo niliyoijia.

Mvumi_Makulu

OCT ni mashine ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kufungua. Ilitangazwa mwaka 1991 na kundi la watafiti wa MIT, Marekani, akiwemo David Huang na James Fujimoto. Inafanya kazi ya ultrasaundi, ila badala ya sauti inatuma mwanga wa infraredi na kupima jinsi unavyorudi kutoka kila kina. Unapata picha ya mkato wa jicho bila kulikata. Inatofautisha vitu vilivyoachana kwa mikromita chache, na konea nzima katikati yake ina kama mikromita 540 tu, yaani nusu milimita hivi.

Kwa jicho la marehemu faida iko hapa: neno "ukungu" linageuka namba. Badala ya muuguzi mmoja kusema limefifia na mwingine kusema bado, unapima unene wa konea, unapima mng'ao wake kwenye picha, unaona mikunjo inayojitokeza upande wake wa nyuma inapovimba. Ukirudia baada ya saa kadhaa unaona mwendo. Kwenye retina, mpaka kati ya tabaka moja na jingine unaanza kupotea, tabaka za ndani zinavimba, na baadaye retina yenyewe inaanza kujikunja na kubanduka kutoka ukutani. Tabaka la mishipa lililo nyuma yake linasinyaa kwa sababu hakuna tena msukumo wa damu wa kulijaza.

Shida zake sasa, maana watu wa mauzo hawazitaji. Mashine ya kawaida imetengenezwa kwa mtu anayekaa kitini, anaweka kidevu, anatazama taa. Marehemu hafanyi hata moja kati ya hayo. Inahitajika ya kushika mkononi, au uifunge kichwa chini kwenye mkono wa chuma juu ya meza. Mtu hai anapepesa na kuilowesha konea kila sekunde chache. Kwa marehemu inabidi uweke tone la maji ya chumvi, na ukiweka tone umeshaugusa uleule ukavu uliotaka kuupima. Na konea ikishafifia sana, mwanga hauvuki, retina inafungiwa nje ya picha.

Chimwaga_MD

Hapo ndipo ultrasaundi inaingia?

Mvumi_Makulu

Ndiyo. Sauti haijali ukungu. Haitakuonyesha tabaka za retina moja moja, lakini itaonyesha kama retina imebanduka, kama kuna damu ndani ya jicho, kama lenzi imetoka mahali pake. CT, ile mashine ya eksirei inayopiga picha za mkato wa mwili, nayo inaonyesha umbo la jicho zima, hewa iliyoingia, kipande cha chuma au risasi. Waswisi wa Bern, kina Richard Dirnhofer na Michael Thali, walianza kuipeleka CT kwa maiti kwa utaratibu maalumu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mashine za CT tunazo Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa ikiwemo, lakini foleni ya wagonjwa walio hai unaijua mwenyewe.

Kinyozi_Majengo

Swali la mtu asiye daktari. Mnahangaika na picha za nini wakati nasikia wanachoma sindano kwenye jicho na kupata saa kamili ya kifo?

Chimwaga_MD

Nijibu mimi hili, nimelisoma. Wanavuta ule ute mzito ulio katikati ya jicho na kupima potasiamu. Mtu akiwa hai potasiamu imefungiwa ndani ya seli. Akifa, seli zinavuja, potasiamu inapanda kwenye ute kadiri muda unavyokwenda. Jicho limejitenga na mwili mwingine kwa hiyo uozo unalifikia kwa kuchelewa.

Lakini "saa kamili" futa. Mwaka 1963 Sturner alitoa hesabu: zidisha potasiamu kwa 7.14, toa 39.1, unapata saa tangu kifo. Mwaka 1989 Madea na wenzake wakatoa yao: zidisha kwa 5.26, toa 30.9. Chukua potasiamu ya 10 (milimoli kwa lita). Sturner anakwambia saa 32, Madea anakwambia karibu saa 22. Jicho lilelile, tone lilelile. Mtuhumiwa aliyekuwa kwenye basi la Singida saa hizo kumi za katikati, anafungwa au anaachiwa?

Kinyozi_Majengo

Duh. Nimefuta.

Mvumi_Makulu

Umemaliza Chimwaga_MD. Niongeze tu kwamba ukishachoma sindano umelipunguzia jicho maji na presha, kwa hiyo picha zote zipigwe kabla. Presha ya jicho la mtu mzima mwenye afya ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, na baada ya kifo inashuka hata bila sindano. Jicho linakuwa laini, konea inalegea. Picha ya jicho lililonywea na picha ya jicho lililojaa huwezi kuzilinganisha.

BintiMlali

Natokea Kongwa. Swali langu: bibi yangu alikuwa na vikope tangu ujana, nywele za kope zilikuwa zinakwaruza jicho, alikufa akiwa na kovu jeupe kwenye macho yote mawili. Wangempima huyo kwa mashine yenu wangesema kafa lini?

Mvumi_Makulu

Binti, swali lako ni zito kuliko yote kwenye uzi huu, na wengi wanaoandika kuhusu mambo haya hawalifikii kwa sababu hawaishi kwenye ukanda wa trakoma, yaani huo ugonjwa wa vikope.

Kongwa imekuwa eneo la utafiti wa trakoma tangu miaka ya 1980, wakiwemo watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Wazee wengi wa huko na wa wilaya za jirani wana makovu kwenye konea. Kovu ni jeupe, OCT italionyesha kama mng'ao mkali, konea inaweza kuwa nyembamba mahali pamoja na nene pengine. Programu ya kompyuta iliyofundishwa kwa macho ya wazee wa Ulaya ikikutana na jicho la bibi yako itasema alikufa juzi, wakati ametoka kuongea na wewe asubuhi. Ongeza mtoto wa jicho, ongeza nyama inayoota kutoka weupe wa jicho kwa watu wa jua na vumbi, ongeza macho yaliyowahi kutiwa dawa za kienyeji. Vyote hivyo vilikuwepo kabla ya kifo.

Kwa hiyo kwa maoni yangu, kabla ya mtu yeyote kuleta mashine Dodoma na kutangaza kwamba inasoma saa ya kifo, aanze kwa kupiga picha macho ya wazee wetu walio hai. Hilo linawezekana hata bila mashine ya mamilioni. Simu yenye lenzi ya kuikuza retina inapiga picha za kutosha kwa kazi nyingi. Jirani zetu wa Kenya waliliona hilo Nakuru, katika kazi ya daktari wa macho Andrew Bastawrous iliyozaa Peek, mfumo wa kupima macho kwa simu. Picha ya konea ndiyo rahisi zaidi. Ukiwa na picha ya jicho la mtu kabla ya kifo, hata ya kliniki, ya baadaye ndiyo inakuwa na maana.

BintiMlali

Ahsante kaka. Bibi alifanyiwa upasuaji wa kope uzeeni lakini kovu lilibaki. Nafurahi kuna anayelifikiria.

Mwl_Bahi

Nauliza la wanafunzi wangu: jicho la marehemu linaona?

Chimwaga_MD

Mwalimu, mwaka 2022 lilitoka jambo kwenye jarida la Nature. Watafiti wa Utah na Scripps, Marekani, walichukua macho ya watu waliojitolea viungo, wakayapa oksijeni na lishe, na seli za kupokea mwanga zikaitikia tena, hata kwenye macho yaliyochukuliwa mpaka saa tano baada ya kifo. Kwa macho yaliyochukuliwa haraka sana, chini ya dakika 20, seli ziliweza hata kupeleka ishara kwa seli zinazofuata. Hiyo ni retina kuitikia mwanga kwenye sahani ya maabara. Kuona kunahitaji ubongo. Waambie halioni.

Mvumi_Makulu

Na hiyo inajibu wanaouliza kwa nini mtu apoteze muda kupiga picha jicho la maiti kama hakuna jinai. Pale Birmingham, Alabama, Christine Curcio na wenzake wamepiga OCT macho yaliyotolewa na watu kwa hiari baada ya kufa, kisha wakayakata na kuyaangalia kwa hadubini, ili kivuli kinachoonekana kwenye picha ya mgonjwa aliye hai kijulikane ni kitu gani hasa. Benki za macho nazo hupiga picha tabaka la ndani la konea na kuhesabu seli kabla ya kumpandikizia mtu mwingine. Asiyejua mabadiliko ya kawaida ya kifo atayaita ugonjwa.

Zamu_ya_Usiku

Sasa mimi wa mochwari isiyo na OCT wala nini. Nifanye nini cha maana?

Mvumi_Makulu

Dada, daftari lako lina thamani kuliko unavyodhani. Mwili ukifika, kabla hujaugusa, andika saa, andika kila jicho peke yake: lilikuja wazi, nusu, au limefumbwa. Waulize ndugu nani alilifumba na lini, wakumbuke wakiwa bado wanakumbuka. Andika mwili umetoka kwenye jua, ndani ya nyumba au kwenye gari, na umeingia kwenye friji saa ngapi. Umeme ukikatika andika pia, usione aibu. Na la muhimu kuliko yote, andika kama umechomwa dawa ya kuhifadhi, maana miili inayosafirishwa mbali ikishatiwa formalini, konea na ute havisomeki tena kwa hesabu za kawaida. Kama kuna ruhusa ya daktari na polisi, piga picha macho yote mawili, umbali uleule, taa ileile, na rula pembeni. Bila ruhusa usipige, na isiingie WhatsApp hata kwa bahati mbaya.

Zamu_ya_Usiku

Nimenakili. Tochi ya simu inatosha?

Mvumi_Makulu

Kwa kuona inatosha, imulike kwa pembeni ili isirudishe mwanga kwenye lenzi. Kwa kulinganisha leo na kesho haitoshi, kwa sababu simu inajirekebishia mwanga yenyewe kila mara. Weka karatasi nyeupe ndani ya kila picha, anayekuja kupima atairekebisha kwa kuitazama hiyo.